Shabu ya Bibi na nyuzi zinazokataa kugusana

Maji ya masika yalikuwa yanatufikia Mbagala yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nazungumzia miaka ile bomba la uani lilipokuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, tena likiamka vizuri, na siku zilizobaki tulinunua madumu kwa wasukuma mikokoteni. Yawe ya bomba, yawe ya mkokoteni, mvua zikichanganya huko mto unakotoka hadithi ilikuwa moja: ukitumbukiza mkono ndani ya ndoo, vidole huvioni.

Bibi alikuwa na dawa yake. Kwenye pindo la kanga, pamoja na ufunguo wa kabati na noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama pipi, alifunga kipande cha shabu. Cheupe, kinapitisha mwanga kidogo kama barafu iliyoanza kuyeyuka, kikubwa kama yai la njiwa, pembe zimelainika kwa kutumika. Vinyozi wa mtaani nao walikuwa na cha kwao, wakimpaka mteja kidevuni wembe ukimkwaruza. Cha Bibi kilikuwa cha maji. Alikishika kwa vidole viwili, akakizungusha ndani ya ndoo mizunguko saba, akakitoa, akakikung'uta, akakirudisha pindoni.

"Mke mwenza, yaache hayo. Usiyaguse, yana kazi."

Nilichuchumaa kuiangalia hiyo kazi. Dakika za mwanzo hakuna kitu. Halafu maji yanaanza kukatika, kama maziwa yaliyolala nje yakiinjikwa asubuhi: yanatokea mabonge madogo mepesi, mithili ya machicha ya nazi, yanaelea, yanashikana, yanapata uzito, yanashuka taratibu. Baada ya nusu saa juu kuna maji meupe na chini tope laini kama uji wa ulezi. Bibi anachota kwa kata bila kutikisa, anachemsha, anamimina mtungini. Siku moja nilimwuliza kwa nini asizungushe mara kumi na nne ili yasafike upesi. Akasema shabu ikizidi maji yanaharibika, kisha akanituma dukani.

Kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia alisugua rula mbili za plastiki kwenye nywele zake, moja akaining'iniza kwa uzi, ya pili akaisogeza. Ile iliyoning'inia ikageuka na kukimbia. Chaji zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Tuliikariri kwa Kiingereza, tukaielewa kwa Kiswahili, tukaandika kwenye mtihani, maksi zikaja. Kuhusu ndoo ya Bibi sikumwuliza, kwa sababu sikujua kama ndoo ile ilimhusu.

Kumbe ilimhusu yeye kuliko mtu yeyote. Chembe za udongo zinazofanya maji ya mto yawe na rangi ya chai zina chaji hasi usoni. Zote hasi. Ndiyo maana hata ukiyaacha maji usiku kucha hayatulii: chembe ni ndogo mno, kila moja inaisukuma mwenzake, hazikutani zikaungana, kwa hiyo hazipati uzito wa kuzama. Kwa sheria ya rula, zilitakiwa kukimbiana mpaka kiyama. Shabu ni chumvi ya aluminiamu na potasiamu. Ikiyeyuka inamwaga ioni za aluminiamu, yaani atomi zenye chaji, hizi zikiwa na chaji chanya tatu kila moja, na ghafla chembe zilizokuwa zinakimbiana zinakumbatiana na kushuka pamoja.

Hiyo "tatu" ndiyo siri. Mwaka 1882 Mjerumani Hans Schulze aligundua kwamba uwezo wa chumvi kugandisha chembe zilizoelea majini hupanda kwa kasi ya ajabu chaji ya ioni ikiongezeka, na mwaka 1900 Mwingereza William Hardy akaongezea yake. Siku hizi kanuni yao husemwa hivi: kiasi kinachohitajika hupungua kwa kipeo cha sita cha chaji. Ikiwa ioni yenye chaji moja, kama sodiamu ya chumvi ya mezani, unahitaji vijiko 729, basi yenye chaji mbili inakutosha vijiko kama 11, na yenye chaji tatu kijiko kimoja. Ni kanuni ya kukadiria, usiichukulie kama mizani ya duka la jumla. Lakini inaeleza kwa nini Bibi alifunga shabu pindoni badala ya kumwaga chumvi ya kilo.

Nimeanza na ndoo kwa sababu bila ndoo nisingeelewa kilichonikuta miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi maabara, na mrija wa plastiki mdogo kama kidole cha mtoto mkononi, ndani yake DNA.

DNA wengi tunaijua kwenye kesi za kugombea mtoto. Tuiweke pembeni hiyo, tuitazame kama kitu tu, kama kamba. Unene wake ni nanomita 2, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Ni ngazi iliyosokotwa, vidato vyake vimeachana nanomita 0.34, na kila kidato kina fosfati mbili, yaani chaji hasi mbili. Ukitembea juu ya DNA unakutana na chaji hasi kila nanomita 0.17. Ni vitu vichache mwilini vyenye chaji iliyobanana hivyo.

Sasa ikuze mara milioni moja. DNA inakuwa kamba nyembamba ya katani, unene milimita 2. Kiini cha seli yako kinakuwa chumba cha mita 6 hivi upana. Na kamba yote iliyomo ndani ya chumba hicho, ukiunganisha vipande vyake 46, ina urefu wa kilomita 2,000: unatoka Dar mpaka Mwanza na kugeuza, unaishiwa kamba ukiwa njiani kurudi. Kamba yote hiyo inachukia kuguswa na sehemu nyingine ya kamba hiyo hiyo. Isitoshe ni ngumu kukunjika: mpaka kama sentimita 5 hivi, kwa kipimo chetu cha kukuza, inapenda kubaki imenyooka.

Mwili unaipangaje? Kwa sehemu kubwa inazungushwa kwenye protini zenye chaji chanya, histoni, kama uzi kwenye kibiringo. Lakini kuna njia nyingine ya zamani na rahisi zaidi, na ndiyo iliyonileta kwenye mrija ule.

Mwaka 1678 Antonie van Leeuwenhoek, yule mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft aliyejitengenezea hadubini, aliandika barua akieleza fuwele alizoziona kwenye shahawa zilizoachwa zikauka. Ilichukua karibu karne mbili na nusu wakemia kujua umbile halisi la kilichomo: molekuli fupi, nyembamba, yenye chaji chanya nne, ambayo leo inaitwa spermini. Ndugu yake mwenye chaji tatu anaitwa spermidini. Jina lisikudanganye, hazipo kwa wanaume tu. Zimo kwenye seli zako zote, na za mchicha, na za bakteria.

Mwaka 1976 Gosule na Schellman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walionyesha kwamba ukiweka spermidini kidogo kwenye maji yenye DNA chache sana, DNA ile ndefu iliyotawanyika inajikunja yenyewe na kuwa kitu kidogo kilichoshikana. Haikatiki, haibadiliki kemikali. Ukiitoa spermidini, inafunguka. Chini ya hadubini ya elektroni vitu hivyo vikaonekana kuwa pete. Vitabu vinapenda kusema donati. Mimi nilipoona picha yake mara ya kwanza niliona ngata, ile tunayosokota kwa kipande cha kanga tukaiweka utosini kabla ya kujitwika ndoo. Hata mizunguko inaonekana, kamba juu ya kamba, duara ndani ya duara, na tundu katikati. DNA ya kirusi cha lambda, ambacho hushambulia bakteria, ina urefu wa nanomita 16,500 na ngata yake ina upana wa nanomita 100 hivi. Kwa kukuza kwetu, mita 16 na nusu za kamba zimekuwa ngata ya sentimita 10. Ingemtosha mtoto mdogo anayebeba kopo.

Jaribio langu lilikuwa la kurudia jambo hilo kwa njia ya kimaskini. Hatukuwa na hadubini ya elektroni, lakini DNA ikijikunja maji yanapata ukungu, na ukungu unaweza kuuona kwa macho ukiuelekeza mrija dirishani. Nikapima spermidini, nikaiongeza tone kwa tone. Hakuna ukungu. Nikaongeza. Hakuna. Nikashinda pale mpaka mlinzi akaja kuzima taa za korido. Kesho yake mwalimu wangu, mzee mmoja mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, akauliza swali moja tu:

"Umeiyeyushia kwenye nini?"

Nilikuwa nimeiyeyushia kwenye maji yenye chumvi ya mezani kupita kiasi, nusu mola, yaani kama gramu 29 kwa kila lita. Nilidhani chumvi inasaidia. Kwani si nayo ina chaji chanya?

Ina, lakini moja moja, na hapo ndipo kazi yote ilipoharibika. DNA ikiwa ndani ya maji haikai uchi. Ndani ya maji chaji mbili za moja moja zikiwa mbali kuliko nanomita 0.7 hivi, mtikisiko wa joto unashinda mvutano wao. Lakini chaji za DNA zimeachana 0.17 tu, mara nne karibu zaidi, kwa hiyo DNA inazivuta ioni chanya kwa nguvu mpaka zinaizonga. Gerald Manning, Mmarekani, alipiga hesabu yake mwaka 1969: sodiamu huzima takriban asilimia 76 ya chaji ya DNA, ioni yenye chaji mbili asilimia 88, yenye chaji tatu 92. Miaka kumi baadaye Wilson na Bloomfield wakapima na kukuta kwamba DNA inaanza kujikunja pale tu chaji yake ikishazimwa kwa asilimia kama 90. Angalia hesabu hizo tena. Magnesiamu yenye chaji mbili inafika mlangoni na kuishia hapo. Kwenye maji ya kawaida haiikunji DNA ndefu hata ukiimwaga. Spermidini inavuka kizingiti.

Na inavuka kwa faida. Spermidini moja ikishika DNA inaachia sodiamu tatu, na sodiamu hizo zinakwenda kutanga majini, zimepata uhuru. Asili inapenda vitu vikiwa huru kutanga. Ila kama maji tayari yamejaa sodiamu, kama yangu, uhuru huo hauna thamani, ni sawa na kumwachia mtu atoke ukumbini wakati nje nako watu wamebanana. Spermidini ikakosa nafasi. Ndiyo habari ya mrija wangu.

Mara ya pili nikatumia maji karibu matupu, nikabadilisha na kuweka spermini, yenye chaji nne. Ukungu ukaja kwenye matone ya mwanzo, mzuri kabisa. Kwa furaha nikaendelea kudondosha ili uwe mzito zaidi. Ukapungua. Nikaongeza. Ukatoweka, maji yakawa meupe kama sijafanya kitu. Nilikaa nikiutazama mrija ule, na kitu cha kwanza kilichonijia si Manning wala Bloomfield. Ni sauti ya Bibi: shabu ikizidi maji yanaharibika.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ioni za chaji nyingi zikizidi, DNA inaweza kuyeyuka upya, na mwaka 1996 kundi la watafiti wa Ufaransa liliipima hali hiyo vizuri kwa spermini. Kwa maji ya tope nako, aluminiamu ikizidi chembe zinaweza kugeuka kutoka hasi kuwa chanya na kuanza kusukumana tena. Ndiyo maana kwenye mitambo ya maji watu hujaribu kwanza kwenye vyombo vidogo vilivyopangwa mstari, kila kimoja na kipimo chake, kabla ya kumwaga dawa kwenye tanki kubwa. Bibi alikuwa na mizunguko saba.

Lakini bado sijajibu la msingi. Kuzima chaji kwa asilimia 90 kunaeleza kwa nini DNA haisukumani sana. Hakuelezi kwa nini ivutane. Asilimia 10 iliyobaki bado ni hasi kwa hasi.

Kwa miongo mingi hesabu iliyotumika ilisema jambo hili haliwezekani. Hesabu ile ilizichukulia ioni kama uji: laini, uliotapakaa sawasawa kwa wastani, mzito karibu na DNA na mwepesi mbali nayo. Ndani ya uji, vitu viwili vyenye chaji sawa havivutani kamwe, vinasukumana tu, kidogo au sana. Tatizo ni kwamba ioni si uji, ni punje. Punje zenye chaji moja zinachezacheza ovyo kiasi kwamba ukiziita uji hukosei sana. Punje zenye chaji tatu au nne zinachukiana zenyewe kwa zenyewe. Zikikaa juu ya DNA zinapeana nafasi, hapa moja, pale moja, na katikati yao DNA inabaki wazi, hasi. Ukileta DNA ya pili karibu, punje zake zinajipanga kuelekea kwenye mianya ya mwenzake, kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana. Kila punje chanya inatazama uwazi hasi. Kwa jumla ni hasi na hasi. Kwa karibu ni chanya na hasi. Mjapani Fumio Oosawa alikuwa ameshaeleza wazo la namna hiyo miaka ya 1960, na mwaka 1984 Waswidi wanne, Guldbrand na wenzake, wakaonyesha kwa kompyuta kwamba kuta mbili zenye chaji sawa zikitenganishwa na ioni za chaji mbili zinaweza kuvutana kabisa.

Mwalimu wetu wa kidato cha pili hakudanganya. Rula zake zilikuwa hewani, wala hazikuwa na mtu wa tatu kati yao. Kinachoniudhi ni kwamba karibu kila kitu chenye uhai kinatokea ndani ya maji yaliyojaa watu wa tatu, na sheria ile tulipewa kana kwamba dunia ni kavu.

Nguvu yenyewe ni ndogo. Ukiishika DNA iliyojikunja kwa ncha mbili na kuivuta ifunguke, unahitaji piconewtoni chache, kipimo kidogo mno cha nguvu. Uzito wa gramu moja tu mkononi ni piconewtoni bilioni 10. Kwa kila kidato mvutano ni sehemu ndogo ya nishati ya mtikisiko wa kawaida wa joto. Kidato kimoja peke yake kisingeshika. Vinashika kwa sababu ni maelfu.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyoipima kabla ya kuwapo vyombo vya kushika molekuli moja. Mama mdogo wangu wa Temeke anatengeneza achari ya embe. Anakata embe bichi, analitia chumvi, analianika. Chumvi inalikamua: maji yanatoka yenyewe bila mtu kulibana, vipande vinasinyaa na kukazana. Adrian Parsegian na Donald Rau, waliofanya kazi kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani, waliifanyia DNA jambo hilo hilo. Waliiweka kwenye maji yenye polimeri, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, iitwayo polietilini glikoli, ambayo imo pia kwenye dawa za kulainisha choo. Molekuli zake ni kubwa, haziingii kati ya nyuzi za DNA. Zinabaki nje na kunyonya maji yaliyo ndani. Nyuzi zinasogeleana. Ukijua polimeri ni kiasi gani unajua inanyonya kwa shinikizo gani, na ukipitisha eksirei kwenye rundo lile unajua nyuzi zimeachana umbali gani. Shinikizo huku, umbali kule. Unabadilisha kipimo, unapiga tena. Polepole unapata mchoro mzima wa nguvu, kwa kukamua achari.

Walichokuta mwaka 1984 kiliwashtua wengi. Nyuzi zikikaribiana chini ya nanomita moja hivi uso kwa uso, nguvu ya kusukumana inapanda kwa ukali, mara 2.7 kwa kila nanomita 0.3 unayozisogeza, na haijali sana maji yana chumvi kiasi gani. Ingekuwa ni chaji tu, chumvi ingeipunguza. Nanomita 0.3 ni kama upana wa molekuli moja ya maji. Wao wakasema anayesukuma hapo ni maji yenyewe, yaliyojipanga usoni mwa DNA na hayataki kuhama.

Wakatumia pia kobalti hekzamini, ioni ya chaji tatu. Hapo nyuzi zilivutana zenyewe bila kukamuliwa, zikasimama zikiwa nanomita 2.8 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Toa unene wa DNA, 2. Inabaki 0.8. Hazigusani. Kati yao kuna nafasi ya molekuli kama tatu za maji, na hapo ndipo mvutano wa ioni na ukaidi wa maji vinapolingana. Ngata yote ile, pamoja na kubanana kwake, ni kamba ambazo hazijagusana hata mahali pamoja.

Nani hasa anavuta, bado watu wanabishana. Kuna wanaosema ni punje za ioni zinazopeana zamu. Kuna Kornyshev na Leikin, ambao mwaka 1999 walisema msokoto wenyewe wa DNA ndio unaopanga chanya na hasi zikutane kama meno ya zipu. Parsegian na Rau waliona maji yana mkono hata kwenye kuvuta. Mimi sina kura katika mabishano hayo, ila nadharia isiyotaja maji kabisa huwa naisoma nimekunja uso.

Ukishaijua nguvu hii unaiona kila mahali, mpaka inakuwa kero kwa unaoishi nao. Mwaka juzi tulikuwa tunapandisha ukuta, fundi ananiambia saruji inashika kwa sababu "inakauka". Nikashindwa kunyamaza. Saruji haikauki, inakunywa maji, na inachotengeneza ni vipande vyembamba vyenye chaji hasi vilivyoshikanishwa na ioni za kalsiamu, chanya mbili mbili. Ni fumbatano lile lile. Kwa DNA chaji mbili hazitoshi, lakini uso wa vipande hivi una chaji iliyobanana kuliko ya DNA, ambayo ni kama moja tu kwa kila nanomita mraba, kwa hiyo kalsiamu inatosha. Nyumba nyingi za Dar zimesimama juu ya chaji hasi zinazovutana, na mlima wa kule Wazo Hill unachimbwa kwa ajili hiyo. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa dada, lakini mifuko mitatu haitoshi."

Halafu Feri. Nenda soko la samaki asubuhi, simama pale kwa wapaa samaki. Katika kila samaki kadhaa, kisu kinafungua tumbo na unatoka mfuko mweupe laini kama krimu: huyo ni dume, na hizo ni mbegu zake. Mwaka 1869 Mswisi Friedrich Miescher aliitoa DNA kwa mara ya kwanza kwenye usaha wa bandeji za hospitali huko Tübingen. Aliporudi kwao Basel akahamia kwenye mbegu za samaki samoni wa mto Rhine, kwa sababu mbegu ni kiini kitupu karibu chote. Mwaka 1874 alitangaza kitu cha pili alichokikuta humo, kilichoshikana na DNA, akakiita protamini. Leo tunajua ni protini fupi: ya samoni ina viungo 32, na 21 kati yake ni ajinini, kila moja na chaji chanya. Ni spermidini iliyokwenda jeshini. Nayo inaikunja DNA mpaka mbegu inakuwa ndogo, ngumu, tayari kwa safari. Protamini ya samaki hutumika mpaka leo kwenye upasuaji wa moyo, kuizima heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo nayo ni kamba yenye chaji hasi nyingi.

Virusi vinavyoshambulia bakteria havina subira ya namna hiyo. Kimoja kiitwacho phi29 kinaisukumiza DNA yake ndani ya gamba kwa mashine ndogo ambayo mwaka 2001 ilipimwa ikisukuma kwa piconewtoni 57 hivi. Gamba likijaa, shinikizo la ndani linakadiriwa kuwa angahewa 60, kama mara 30 ya upepo wa tairi la gari dogo. Kwa kirusi cha aina hiyo kusukumana kwa DNA ni mtaji: kikitoboa bakteria, DNA inachomoka yenyewe. Ukimwaga spermini humo shinikizo linashuka.

Desemba iliyopita watoto wa dada yangu walikuja kwangu Tabata, umeme ukakatika, simu zikaishiwa chaji, wakaanza kuning'inia kwenye mapazia. Nikatoa papai lililoiva kupita kiasi. Tukaliponda kwenye bakuli, tukatia maji, sabuni ya vyombo na chumvi kijiko, tukachuja kwa chujio la chai kwenye glasi. Kwenye friza kulikuwa na chupa ya spiriti ya hospitali, bado ya baridi. Nikaimimina taratibu kwa kuiteremsha ubavuni mwa glasi ili ikae juu. Pale spiriti inapokutana na maji ya papai kukatokea wingu jeupe, kisha nyuzi, zikapanda zikiwa na vipovu. Nikaingiza kijiti cha mshikaki, nikakizungusha, zikajisokota, zikavutika kama mlenda.

Hapo hakuna ioni ya chaji tatu wala nne. Ni sodiamu ya chumvi ya jikoni tu, ile ile iliyoniharibia kazi maabara. Tofauti ni spiriti. Maji hudhoofisha mvutano wa chaji mara kama 80, spiriti tupu mara kama 25. Ukipunguza maji, hata sodiamu yenye chaji moja inaing'ang'ania DNA vya kutosha ikaacha kuelea.

Watoto hawakuwa na haja na hesabu hiyo. Yule mdogo, wa darasa la tatu, aliweka pua karibu kabisa na glasi, akachungulia.

"Mama mdogo, hapo sasa zimegusana?"

"Bado. Kuna maji kidogo katikati."

"Mbona siyaoni?"

Nikamwambia hata mimi siyaoni. Glasi nikaifunika kwa sahani na kuiweka friji ili baba yao akija kuwachukua kesho waionyeshe. Asubuhi nilipoamka glasi ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa juu ya kabati. Dada yangu, aliyefika usiku bila kutuamsha, alisema aliikuta akadhani ni mlenda wa juzi umechacha, ila alishangaa kwa nini unanuka spiriti.